Karani Aliyefungua Tena Faili la Marehemu: Maisha ya Mama Bitutu Mayaka, takriban 1946 hadi 1999

Marehemu Bitutu Mayaka, mke wa Mzee Mayaka Angwenyi, alizaliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, katika mwezi na mwaka ambao familia haina hakika nao. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1946. Tarehe hiyo alipewa na karani mmoja mwenye haraka, ambaye siku hiyo aliwagawia watu wote wa foleni siku moja ya kuzaliwa, wazee kwa vijana. Mama yake mzazi, Bibi Nyanchoka, alikuwa akisema tu kwamba alijifungua wakati wa kupalilia mtama, katika mwaka ambao wanaume waliokwenda vitani Burma walikuwa wameanza kurudi. Ndiyo maana kwenye jalada la programu hii pameandikwa takriban. Marehemu aliacha agizo kwamba asizuliwe tarehe ili karatasi ipendeze.

Baba yake, Mzee Machuki, alitoka Nyaribari, Kisii, akahamia Gendia kufanya kazi ya kupanga herufi kwenye matbaa ya kanisa. Herufi zilikuwa za risasi, kila moja na kijisanduku chake. Bitutu akiwa mtoto ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, na baba, akitafuna, alimwachia arudishe herufi zilizokwisha kutumika mahali pake. Hapo ndipo alipojifunza kusoma, tena kinyumenyume, kwa kuwa herufi za matbaa zimegeuka. Alizoea kusimulia kwamba kijisanduku cha O na kile cha A vilikuwa vikubwa kuliko vyote, maana vitabu vya Kidholuo vilizimaliza upesi. Nyumbani walisema Ekegusii, nje Kidholuo, na kanisani wageni walipokuja, Kiswahili. Aliweza kugombana kwa lugha zote tatu, na hakuwa na upendeleo.

Alisoma Shule ya Msingi ya Gendia kuanzia 1953 hadi 1960, kisha akaenda Kamagambo. Alifika kidato cha pili mwaka 1962, macho ya baba yake yakaanza kufifia, ikabidi arudi nyumbani. Wengine wangelia mwaka mzima. Yeye alilia wiki mbili, kwa mujibu wa dada zake, halafu akaomba nauli, akaenda Kisumu kusomea upigaji chapa na kazi ya masijala, yaani chumba kile cha ofisi ambamo mafaili yote huingia, hutoka na kulala. Alihitimu tarehe 27 Novemba 1964. Mwaka 1966 aliajiriwa na chama cha wakulima wa pamba Homa Bay, akakaa huko miaka ishirini, hadi chama kilipofunga milango.

Ni katika ofisi hiyo ya pamba alipokutana na Mayaka Angwenyi, fundi seremala kutoka Rongo, aliyeitwa kutengeneza mlango wa masijala. Fundi alipima kwa jicho. Karani alimwambia apime kwa futi na aandike. Fundi aliandika kwenye kipande cha mbao, naye karani akakichukua kile kipande cha mbao akakiweka kwenye faili la matengenezo, ambako kilikaa kikizuia faili lisifungike. Miezi sita baadaye fundi alimpelekea barua ya uchumba. Bitutu aliipokea, akaandika tarehe ya kupokelewa juu kulia, akaitoboa, akaifunga kwenye faili, na jibu likaja baada ya wiki tatu. Mzee Mayaka bado anayo barua hiyo, na tundu zake mbili. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1969, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Tarehe 3 Machi 1987 marehemu alianza kazi katika kituo cha kutibu kifua kikuu kilichoitwa Pumzi Njema, mjini Homa Bay. Alikuta masijala iliyopangwa na mtaalamu aliyetumwa kutoka makao makuu ya wafadhili. Kabati lilikuwa na vyumba ishirini na sita, kuanzia A hadi Z, na kila mgonjwa aliwekwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake la mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kukaa siku moja kati ya Wajaluo ameshaona tatizo. Wanaume karibu wote walikuwa O. Wanawake wengi walikuwa A, isipokuwa walipoandikwa kwa majina ya waume zao, wakahamia O. Vyumba vya O na A vilifurika hadi sakafuni. Chumba cha Q kilikuwa na sukari, na X kilikuwa na vikombe vya chai. Karani aliyemtangulia, alipotafuta faili la mtu, alimwomba mgonjwa aingie amsaidie.

Zaidi ya hapo, mtu mmoja alikuwa na majina manne. Kanisani ana la ubatizo, nyumbani ana la kuzaliwa, mtaani ni mama wa fulani, na akiwa hospitali mbali na kwao anatoa lolote analodhani karani ataweza kuliandika. Mama mmoja wa Mbita alikutwa na kadi nne, zote za kwake, na dawa zilikuwa zimegawanywa kati ya wanawake wanne ambao walikuwa ni yeye mmoja.

Bitutu alikaa kimya miezi mitatu akitazama. Kisha akaanza kuuliza kila mgonjwa maswali matatu. Ulipokuwa mdogo kwenu walikuita nani? Ukiwa shambani, nani hutumwa kuja kukuita? Na hapo unapoishi sasa, mnachota maji wapi? Swali la tatu ndilo lililokuwa la akili, kwa sababu mtu huweza kubadili jina, mume na hata dhehebu, lakini akibadili mahali pa maji amehama. Wanawake walijibu bila kufikiri. Wanaume wengi walisimama pale dirishani wakikuna kichwa, na kadhaa walirudi nyumbani kwenda kuuliza. Kwa majibu hayo alipanga mafaili upya, si kwa herufi bali kwa visima, chemchemi na vijito, na Mzee Mayaka akaja na msumeno kubomoa lile kabati la A hadi Z. Vikombe vilitafutiwa mahali pengine.

Manufaa yake yalionekana mwanzoni mwa miaka ya tisini, wilaya ya South Nyanza ilipogawanywa na Migori ikawa wilaya yake. Pumzi Njema nayo iliamua kufungua kituo cha pili Migori, na mafaili ya watu wa upande huo yakatakiwa yahame. Kazi kama hiyo ilizitesa ofisi nyingi kwa miezi. Mama Bitutu aliimaliza kwa siku mbili, kwa kuwa kila kisima kilikuwa ama upande huu ama upande ule. Alipakia mafaili mia sita na kumi na mawili kwenye makatoni ya majani ya chai aliyopewa na Mzee Mahmud, mwenye duka la jumla pale stendi ya Migori. Tarehe 8 Februari 1993 aliyafuata yeye mwenyewe, pamoja na familia yake, wakahamia Oruba, pembeni mwa mji wa Migori.

Inafaa sasa kuelezwa jambo ambalo marehemu hakutaka lifichwe. Aliwaambia watoto wake zaidi ya mara moja kwamba siku wakisoma wasifu wake wakaliruka, watakuwa wamesoma wa mtu mwingine.

Migori ilikuwa na wagonjwa wawili walioitwa Roseline Akinyi. Mmoja alizaliwa Karungu akaolewa Osiri, kule wanakochimba dhahabu kwa mikono. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto mmoja, na mguu uliovunjwa na jiwe la machimbo, hivyo hakuweza kuja mjini. Mfuatiliaji wa wagonjwa, Bwana Cephas, alimpelekea dawa kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili. Alikuwa amekunywa dawa miezi minne na kikohozi kilikuwa kimemwachia. Roseline wa pili alizaliwa Osiri akaolewa Awendo, mke wa mkata miwa, naye alijichukulia dawa zake mwenyewe.

Jumatatu tarehe 11 Aprili 1994, asubuhi, mwanamume mmoja aliyekuwa safarini kutoka Osiri alisimama dirishani pa masijala, kofia mkononi. Alisema kwa Kidholuo, "Roseline nyar Osiri otho." Bitutu aliuliza kama ni Roseline Akinyi. Alijibiwa ndiyo. Alimpa pole, yule mtu akashukuru, akaendelea na safari yake. Maswali matatu hakumuuliza. Alisema baadaye kwamba aliona haya kumhoji mfiwa habari za visima. Aliingia ndani, akachukua karatasi, akaandika kwa Kiswahili safi cha ofisi: Roseline wa Osiri amefariki. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya Osiri, akatoa faili, akaandika marehemu juu yake, akalifunga kwa uzi.

Msomaji anayejua Kidholuo ameshashika kichwa. Nyar Osiri ni binti wa Osiri, yaani mwanamke aliyezaliwa Osiri, na kwa kawaida akishaolewa haishi tena huko. Yule mtu alikuwa kaka wa Roseline wa Awendo, akimtangaza dada yake kwa jina la kwao kama heshima inavyotaka. Bitutu alikijua Kidholuo tangu utotoni. Lakini kalamu yake ilikuwa imezoea Kiswahili, na katika Kiswahili wa Osiri ni wa Osiri tu, awe amezaliwa huko au ameolewa huko. Neno moja liliachwa nje ya karatasi, na mwanamke aliye hai akawekwa kwenye rafu ya wafu. Cephas aliposikia alihuzunika, kwa sababu alikuwa akimpenda sana mtoto wa yule mama. Akafuta Osiri kwenye ratiba yake, kwani hakuwa na mgonjwa mwingine huko.

Wiki saba zilipita. Tarehe 30 Mei, Cephas alitumwa Awendo kumtafuta Roseline wa pili, ambaye hakuwa amekuja kuchukua dawa za miezi miwili. Alirudi mchana, akaiegemeza baiskeli ukutani, akasimama dirishani.

"Mama, huyu wa Awendo walishamzika," alisema. "Tangu Aprili. Wanasema ndugu yake alikuja hapa kutuambia."

Bitutu alimwuliza marehemu alizaliwa wapi. Cephas alisema Osiri. Wale waliokuwepo wanasimulia kwamba hakupiga kelele wala hakukaa chini. Alitoa lile faili lenye uzi, akaisoma karatasi aliyoiandika mwenyewe, kisha akamwambia Cephas ageuze baiskeli. Alikuwa mwanamke mzito, wa miaka karibu hamsini, na hakuwa amepanda baiskeli ya mtu tangu aolewe. Alikalia keria ya nyuma akiwa amelikumbatia faili, na penye mlima, kwa maelezo ya Cephas, alishuka kumsaidia kusukuma.

Walimkuta Roseline ameketi kivulini mwa paa la bati, akiponda mawe kwa nyundo, mtoto kando yake. Alikuwa amekonda tena. Kikohozi kilikuwa kimerudi, na alikohoa kabla hajawasalimu. Alisema alidhani dawa zimekwisha Kenya nzima, ndiyo maana Cephas haonekani. Bitutu alipiga magoti kwenye vumbi la mawe, jambo ambalo mtu wa umri wake hamfanyii wa umri ule.

"Dawa hazikuisha, binti yangu. Ni mimi nilikuandika umekufa," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

Roseline aliweka nyundo chini. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, nyeupe kwa vumbi, kama anayehakikisha.

"Sasa kama nimekufa," aliuliza, "hii kukohoa ni ya nani?"

Cephas ndiye aliyecheka kwanza, na kicheko chake kikageuka kilio. Walimpandisha Roseline na mtoto kwenye trekta la mchimbaji mmoja mwenye huruma, na kabla jua halijatua walikuwa kituoni.

Tatizo halikuishia hapo. Mkuu wa kituo, Bwana Werema, mtu wa Kehancha na mtu mwema, alikuwa akisubiri wakaguzi wa wafadhili wafike katikati ya Juni. Dawa zilitoka kwa nambari ya faili, na nambari iliyofungwa kwa kifo haikuwahi kufunguliwa tangu kituo kianze. Alimwita Bitutu ofisini, akafunga mlango, akampa ushauri wa rafiki.

"Mama, fungua faili mpya tu," alimwambia. "Mgonjwa mpya, namba mpya. Apate dawa kesho, na wewe ubaki na kazi yako."

Ushauri huo ulikuwa na utamu wake. Mzee Mayaka wakati huo hakuwa na kazi ya maana, mtoto wa mwisho alikuwa sekondari, na karani wa umri wa marehemu akifukuzwa haajiriwi tena kirahisi. Alikiri kwa mumewe kwamba alisimama pale akalitamani lile faili jipya kama mtu mwenye kiu. Lakini alikuwa amezoea kusoma yale aliyoyatunza. Alijua mgonjwa mpya hupewa dawa za mgonjwa mpya, na kwamba aliyekunywa miezi minne akakatizwa hutibiwa kwa njia nyingine, ngumu zaidi, kwa sababu ugonjwa uliosalia mwilini umeshazijua zile dawa za kwanza. Daktari asingeweza kujua hayo kwa kumtazama Roseline. Angeyajua kwa kusoma faili, na faili jipya lingemdanganya.

Alimjibu Bwana Werema kwamba faili linaweza kuwa jipya lakini mapafu si mapya. Kisha akarudi masijala, akakata ule uzi, na kwenye ukurasa wa kumi na nne akaandika kwa wino mwekundu, kwa herufi zake zile za mviringo, maneno ambayo familia imeruhusiwa kuyanakili hapa: "Faili hili lilifungwa tarehe 11 Aprili 1994 kwa kosa langu. Nilipewa habari kwa Kidholuo nikaiandika kwa Kiswahili, neno nyar nikaliacha. Mgonjwa yu hai. Amekosa dawa wiki saba. Atibiwe kama aliyekatizwa. B. Mayaka, karani." Neno marehemu lililokuwa kwenye jalada hakulifuta. Alilipiga mstari mmoja ili lisomeke, akaweka sahihi yake kando. Alilipeleka faili kwa Daktari Nchagwa akiwa amelishika kwa mikono miwili.

Daktari Nchagwa alilisoma mara mbili, akabadilisha dawa siku ileile. Roseline alichomwa sindano kila siku miezi miwili, kisha vidonge, jumla miezi minane. Alikaa Oruba nyumbani kwa marehemu miezi hiyo miwili ya kwanza, katika chumba chenye dirisha kubwa, na mtoto wake akajifunza kutembea akishikilia viti vya Mzee Mayaka. Bitutu ndiye aliyempeleka kwenye sindano kila asubuhi, pamoja na siku za Sabato, kabla ya kwenda kanisani. Kulikuwa na majuma ambayo hakuna aliyejua mambo yataelekea wapi. Roseline alitapika, homa ikapanda, na siku mbili masikio yakamlia mpaka akasema heri angebaki marehemu. Bitutu alimwambia nafasi hiyo imeshafutwa.

Wakaguzi walifika tarehe 15 Juni. Kiongozi wao, Bi Shamima kutoka Nairobi, aliomba mafaili kumi, yoyote yale, na katika kumi hayo lile halikuwamo. Hapo angeweza kunyamaza. Bwana Werema mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kuagiza chai. Bitutu aliweka la kumi na moja mezani, limefunguliwa ukurasa wa kumi na nne, akasimama kando yake.

Bi Shamima alisoma bila kubadilisha uso. Aliuliza nani B. Mayaka. Akaambiwa. Kisha akauliza ni mafaili mangapi mengine yamefungwa kwa kifo kwa kuletewa habari dirishani. Hakuna aliyekuwa amefikiria swali hilo, hata Bitutu. Yalihesabiwa, yakawa arobaini na moja. Bi Shamima alisema kwamba hatamwadhibu mtu kabla ya kujua wako wapi hao arobaini na mmoja.

Kwa mwezi mzima kituo kilifanya kazi ambayo hakikuwahi kuifanya. Cephas, Daktari Nchagwa, Bwana Werema mwenyewe na Mama Bitutu walikwenda nyumba kwa nyumba, kuanzia Macalder hadi Kehancha, wakitafuta makaburi. Walikuta makaburi thelathini na tisa. Wawili waliobaki walikuwa hai. Mmoja alikuwa mzee wa Karungu, aliyeandikwa kufa kwa sababu ya kifo cha mdogo wake wa jina moja. Wa pili alikuwa mwanamke aliyehama ndoa akaenda kulima tumbaku upande wa Kuria, na shemeji zake, kwa hasira, walikuwa wamesema amekufa kwao. Wote wawili walirudishwa kwenye dawa, wakapona. Mzee wa Karungu alikufa kweli mwaka 1998, kwa uzee, na walioandika wasifu wake hawakumpunguzia ile miaka aliyoishi baada ya kuandikwa kufa.

Marehemu alipewa barua ya onyo. Aliiandikia tarehe ya kupokelewa, akaitoboa, akaiweka kwenye faili lake mwenyewe, mahali panapostahili. Halafu kituo kikapata kanuni mbili, zilizobandikwa ukutani pa masijala Migori na Homa Bay. Ya kwanza, habari iandikwe kwanza kwa lugha ileile aliyoisema mletaji, neno kwa neno, na tafsiri ikae chini yake. Ya pili, hakuna mgonjwa atakayeandikwa amefariki kabla mmoja wetu hajafika.

Roseline alipewa cheti cha kupona tarehe 6 Februari 1995. Kule Osiri, kwa utani, sokoni walikuwa wameshamwita Marehemu, na akiuza nyanya watu walimwambia, "Marehemu, nipimie vizuri." Alikuwa amemaliza darasa la nane na mwandiko wake ulikuwa mzuri, na Januari 1996 Bitutu alimwombea kazi masijala. Bwana Werema alisita, akisema mguu wake mbovu. Bitutu alisema mafaili hayakimbizwi. Walifanya kazi meza moja karibu miaka minne, wakibishana kila siku juu ya uzi, gundi na mahali pa vikombe. Wageni waliwadhania mama na mkwe.

Mwaka huohuo wa 1996 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Aliunywea dawa kwa utaratibu wake, akijaza kadi yake mwenyewe. Mapema mwaka huu wa 1999 figo zilianza kudhoofika, na mwezi wa Julai aliacha kazi. Hakulalamika sana. Alilalamikia chakula kisicho na chumvi, na redio ya jirani, na tabia ya wauguzi kuandika jina lake Betutu. Jioni moja, wakiwa barazani, Mzee Mayaka alimwuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa kidogo, ila ameona mtu aliyewahi kufa akirudi kazini, na hiyo inampa moyo kwamba kwa Mungu nako kuna anayesahihisha. Alifariki nyumbani Oruba siku ya Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Mzee Mayaka Angwenyi, na watoto watatu: Nyanchoka, mwalimu Homa Bay, Machuki, fundi umeme Awendo, na Angwenyi, mwanafunzi wa chuo. Ameacha wajukuu wanne, dada wawili walioko Nyaribari, Bwana Cephas ambaye alimwita mama ingawa wanatofautiana miaka michache tu, na Roseline Akinyi, aliyezaliwa Karungu akaolewa Osiri, pamoja na mwanawe. Familia inawashukuru kanisa, majirani wa Oruba, na wafanyakazi wote wa Pumzi Njema.

Habari za kifo zilifika kituoni kwa simu kabla ya saa tano siku ileile. Mkuu wa sasa, ambaye ni mgeni, alimwagiza karani alifunge faili la kazi la Mama Bitutu na kuandaa tangazo. Karani alilitoa faili, akalifunika kwa leso, akatoka nalo. Alitembea kwa mguu wake ule mbovu kutoka mjini hadi Oruba, akapita katikati ya watu waliokuwa wakilia, akamwomba Mzee Mayaka ruhusa. Alipiga magoti kando ya kitanda. Aliushika mkono wa Bitutu kwa muda mrefu sana, mpaka mkono ukawa baridi katika mkono wake, na watu wakaanza kunong'ona kwamba aondolewe. Mzee aliwakataza. Ndipo Roseline akafungua faili juu ya goti lake, akaandika ukurasa wa mwisho, ambao unasomwa hapa kama alivyouandika:

"Nimefika mimi mwenyewe. Nimemshika mkono. Ni kweli. Sasa apumzike."